Maiki Nne, Tundu Moja

Msomaji mwenzangu, hasa wewe uliyeoa kwenye ukoo unaopenda kuongea, vuta kigoda ukae. Haya yaliyonipata sikukuu ya Idi ni ya kusimuliana sisi kwa sisi, watu tunaojua kwamba ndani ya nyumba yako mwenyewe unaweza kushindwa na feni, na friji, na mtoto wa miaka 5, vyote ndani ya siku chache.

Jambo lilianza na mke wangu, Mama Mwanaidi. Usiku mmoja wiki mbili kabla ya Idi alikaa kitandani, akazima taa, halafu akaiwasha tena.

"Baba Mwanaidi, mama ana miaka 84."

"Ndiyo. Mungu amzidishie."

"Nani mwingine anajua majina ya wazee wetu wa Muheza mpaka kizazi cha saba? Nani anajua zile nyimbo za Kibondei za kubembelezea watoto? Wewe una kamera."

Mke wangu akishasema "wewe una", ujue shauri limesikilizwa, hukumu imeandikwa, na kilichobaki ni kutumikia. Nikamwambia sawa. Akazima taa, akalala papo hapo. Mimi nikabaki macho nikihesabu watu watakaokuja.

Kamera yenyewe niliinunua kwa jamaa aliyekuwa akipiga video za harusi, akachoka, akahamia biashara ya machungwa. Picha yake safi mno. Sauti nilikuwa sijawahi kuifikiria hata siku moja. Nilidhani kamera inasikia kama inavyoona, na kwamba ukimwona mtu vizuri basi utamsikia vizuri. Kumbe jicho na sikio la kamera havijuani kabisa.

Kabla sijafika mbali nikujulishe wahusika. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi Nong'ona. Sauti yake iko chini, laini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala. Amelea watoto tisa, na kila alipotaka kuipandisha palikuwa na mmoja amelala. Wa pili ni mdogo wake, Mjomba Redio, ambaye ukishamwasha hazimiki. Wa tatu ni kitinda mimba wao, Mama Mdogo Sahihisho: mbele yake huwezi kutaja mwaka, kijiji wala bei ya dagaa asikurekebishe. Wa nne ni mke wangu, muuliza maswali. Majina hayo wametunga wajukuu, maana mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake apendavyo. Mimi ni mkwe. Mkwe hayatamki. Huyasikia, huinamisha kichwa, na hucheka akishafika uani.

Mafundi walikuwa wanangu watatu. Mwanaidi, wa kwanza, mtulivu, mwenye masikio ya paka. Injinia, miaka 15, ambaye hajawahi kufungua kitu hapa nyumbani akakifunga na skrubu zote zikaenea. Na Kifaranga, wa mwisho, haonekani akitafutwa, ila huonekana kila penye kitufe.

Basi Idi mosi ikafika. Nyumba yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, na sebule ya Ngamiani siku ya Idi si mahali pa siri: mlango wazi, majirani wanaingia na sahani, watoto wanapita kudai mkono wa Idi. Baada ya pilau nikasimamisha kamera pembeni, kama mita nne kutoka alipokaa mama mkwe, nikabonyeza. Akasimulia nusu saa nzima. Usiku tukakaa mbele ya televisheni kutazama.

Tukasikia feni. Baada ya feni, jogoo wa jirani. Baada ya jogoo, sufuria. Bibi Nong'ona alionekana vizuri sana, midomo ikicheza, kanga imetulia mabegani, lakini sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ng'ambo ya ghuba. Mama Mwanaidi hakusema neno. Alichukua rimoti, akazima, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa.

Injinia akanieleza, na nilipopima kwa mita ya sauti kwenye kioo cha kamera nikaona ni kweli. Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti ya mtu inayokuja moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6, yaani msukumo wake hewani unabaki nusu. Toka nusu mita mpaka mita moja, umeshuka. Toka moja mpaka mbili, umeshuka tena. Toka mbili mpaka nne, ya tatu hiyo. Desibeli 18 zimepotelea sebuleni, na feni iliyoning'inia juu ya kamera haikupoteza hata moja.

Pili, kamera hizi huja zikiwa zimewekwa zijirekebishie sauti zenyewe. Mtu akinyamaza, kamera inadhani haisikii vizuri, inatega sikio zaidi, na feni inapanda kama wimbi. Sufuria likianguka, kamera inashtuka, inaziba sikio, na maneno matatu ya Bibi yanayofuata yanamezwa. Mama mkwe wangu husema maneno manne, akanyamaza, akavuta pumzi, akasema mengine manne. Kwa hiyo usiku ule tulisikia feni ikipanda na kushuka baina ya maneno yake. Dawa ni kuingia kwenye menyu, kuzima urekebishaji huo, na kupanga sauti kwa mkono. Tena maiki iende kwa mtu, isimsubiri mtu aifuate.

Hapo ndipo neno "maiki" lilipoingia nyumbani kwetu.

Idi pili asubuhi tulikuwa nazo nne. Mbili za kubana kifuani, za simu, alizoazima Mwanaidi kwa rafiki zake. Mbili kubwa za kushika mkononi, kutoka kwa fundi muziki wa mtaa wa pili. Watu wanne, maiki nne. Nikafurahi. Furaha ile ilidumu mpaka nilipoigeuza kamera ubavuni nikakuta tundu moja.

Injinia akasema tundu hilo moja lina njia mbili ndani yake, kushoto na kulia, na kwamba upo waya wenye umbo la manati: mguu mmoja unaingia kwenye kamera, mikono miwili inapokea maiki mbili, moja ikaenda kushoto na nyingine kulia. Hapo mwanangu alikuwa sahihi. Nikampa pesa, akaenda, akarudi na manati. Tukachomeka. Sauti zote mbili zikaja zimebanana mahali pamoja, hafifu, nusu nyingine ya wakati ni mvumo mtupu.

Msomaji, nikuepushe na hasara yangu. Manati ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Moja ni ya hedifoni: imetengenezwa ili watu wawili wasikilize wimbo mmoja, kwa hiyo ukiitumia kwa maiki inazifunga zote mbili kwenye njia zile zile, hutaweza kuzitenganisha tena. Nyingine ndiyo ya maiki: inapeleka mmoja kushoto na mmoja kulia. Muulize muuzaji, na ikiwezekana ijaribu dukani. Kisha tazama pini ya maiki yenyewe. Ya simu ina mistari mitatu myeusi. Ya kamera ina miwili. Ile ya mitatu ukiichomeka kwenye kamera, mara nyingi itakupa mvumo au haitakupa kitu.

Fundi muziki alituonea huruma. Akaleta mikisa ndogo, matundu manne ya maiki, vitufe vingi vya kuzungusha. Kifaranga alipoviona alikaa chini kimya, jambo lililopaswa kuniogopesha. Tukachomeka maiki zote nne kwenye mikisa, na mikisa kwenye kamera. Mama Mwanaidi akaamuru feni izimwe, televisheni izimwe, na friji pia, maana friji letu likianza kazi linatetemeka mpaka vikombe vinaitikia.

Mjomba Redio akapewa nafasi ya kufungua. Ndugu yangu, Mjomba Redio hawezi kusimulia habari yoyote ya ukoo bila kuanzia mwaka 1893. Ukimuuliza babu yenu alioa lini, anaanza na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Anaitaja 62 kwa uchungu, kana kwamba ile mingine alikuwa akiijua kwa majina. Mama Mdogo Sahihisho akaingia kati kusema haikuwa miche, yalikuwa machipukizi. Mjomba akasema chipukizi likipandwa ni mche. Wakabishana robo saa. Bibi Nong'ona akawasikiliza, kisha akasimulia, na safari hii mbele yake palikuwa na maiki. Nikaamini tumeshinda.

Usiku, mbele ya televisheni, kila sauti ilitoka imepasuka, kama redio ya daladala iliyofunguliwa mpaka mwisho. Sababu ni nyepesi, ingawa niliijua nikiwa nimechelewa. Maiki hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache. Mikisa ikishaukuza hutoa kiasi cha volti moja. Tundu la kamera linangoja kile kidogo cha maiki. Likimiminiwa cha mikisa linafurika. Na sauti iliyofurika ikapasuka, hairekebishiki. Kamera nyingine zina mahali kwenye menyu pa kuchagua kama unaleta maiki au unaleta mikisa. Kama yako haina, kuna waya maalumu wa kupunguza nguvu. Na kama huo hukuupata, shusha mno kile kitufe kikuu cha mikisa, kisha angalia mita. Sauti kubwa kabisa ya mtu icheze kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri, umeipoteza.

Pia tulikosea jambo la pili. Tulizichanganya sauti zote nne zikawa kitu kimoja. Mama Mwanaidi akasema, "Mtoe Mjomba, niache mama peke yake." Haiwezekani. Ni kama pilau: ukishaipika huwezi kurudi ukasema unaitoa binzari nyembamba. Mikisa ile ilikuwa na kitufe cha kumpeleka kila mtu kushoto au kulia. Tungempeleka Bibi kushoto peke yake na wale wengine wote kulia, tungeweza baadaye kuwanyamazisha wa kulia tukabaki naye.

Na maiki zilikaa karibu mno, bega kwa bega mezani. Sauti ya Bibi iliingia kwenye yake, halafu kwa kuchelewa kidogo ikaingia kwenye ya Mjomba, na zilipochanganywa zikala nyama ya sauti, ikabaki kama anayeongea ndani ya pipa. Watu wa kazi hii wana kipimo chao, nami nimekitafsiri kwa mkono wangu: maiki ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, maiki ya jirani ikae mbali shubiri tatu au zaidi.

Asubuhi yake Mama Mwanaidi alifungua friji, na nikasikia ukimya wa aina ambayo wewe mwenye ndoa unaujua. Hakuna aliyekumbuka kuliwasha tena. Nyama ya Idi, kilo mbili, samaki wa shangazi, maziwa, juisi ya ukwaju, vyote vimekwenda na joto la Tanga. Tulivizika uani. Jogoo wa jirani alisimama ukutani akitazama.

Usiku huo hatukulala mapema, na katika kutafuta maneno ya kumtuliza mwenzangu nikamsimulia habari ya Alan Blumlein. Huyu alikuwa mhandisi Mwingereza, mfanyakazi wa EMI. Inasimuliwa kwamba mwaka 1931 alikwenda sinema na mkewe, akaona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia, na sauti yake inatoka upande mwingine, mahali palipo spika. Akamwambia mkewe kwamba anajua njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Mwezi Desemba mwaka ule ule akapeleka maombi ya hataza, na ndani yake mlikuwa na kazi ya kutumia maiki mbili na njia mbili, kushoto na kulia, ambayo leo imo katika tundu la kamera kama yetu. Alikufa mwaka 1942, ndege ilipoanguka wakijaribu rada wakati wa vita.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mkewe, filamu aliimaliza kuitazama?"

Sikuwa na jibu. Lakini alicheka kidogo, nikajua nyama ya Idi imesamehewa.

Tukapanga Jumamosi. Safari hii Mwanaidi aliazima maiki mbili zisizo na waya: vipande viwili vidogo vya kubana nguoni, na risiva moja inayoingia kwenye lile tundu la kamera. Risiva ile ina namna mbili za kufanya kazi. Moja inazichanganya maiki mbili na kutoa sauti ile ile pande zote. Nyingine inaweka maiki moja kushoto na moja kulia. Injinia, aliyekwisha kuumia na manati, alichagua hii ya pili bila kuulizwa, akanionyesha mita mbili zikicheza kila moja kivyake. Nilimshika bega mwanangu. Alistahili.

Watu wanne, maiki mbili. Kikao cha ukoo kilikaa kuligawa jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mirathi ya babu yao. Uamuzi: moja ya Bibi, ya pili abanwe Mjomba, na Mama Mdogo akae karibu naye, kwani kwa vyovyote atakuwa anamsahihisha.

Kisha likaja suala la kumbana mama mkwe. Nani amguse? Mimi mkwe siwezi kumsogelea mama mkwe kifuani na kijibano mkononi. Hata kumwangalia usoni sana ni utovu wa adabu. Nilisimama mlangoni nimegeukia ukutani, nikamwelekeza Mwanaidi kwa maneno. Shubiri moja chini ya kidevu. Iwe juu ya kanga, isiwe ndani, maana kanga ikiisugua maiki inatoa mchakacho kama wa panya darini. Bibi akauliza kama kile kidude kinasikia mapigo ya moyo. Mwanaidi akamwambia hapana. Bibi akasema, "Basi hakina maana," na sebule nzima ikacheka, nami nikacheka na ukuta wangu.

Tukaanza. Mjomba Redio, 1893, Hindorf, miche. Mimi nyuma ya kamera. Ilibidi mtu mmoja avae hedifoni asikilize kila neno linaloingia, na mtu huyo alikuwa Mwanaidi. Hedifoni hazikuonekana. Tulizitafuta dakika mbili, Mjomba akawa hazuiliki, nikasema tuendelee, mita zinacheza, inatosha. Hedifoni alikuwa nazo Kifaranga, chini ya kitanda chetu, akitazama katuni kwenye simu ya mama yake. Hilo lilijulikana jioni.

Mjomba alipofika vita vya kwanza, Bibi Nong'ona aliinuka taratibu, akaenda jikoni. Tulidhani anarudi. Hakurudi. Kamera ikabaki inapiga picha ya kiti kitupu na Mjomba, Mjomba na kiti kitupu, dakika 40. Mama Mwanaidi alinitazama nami nikamtazama. Ukimkatiza Mjomba Redio unakuwa umekosa adabu. Usipomkatiza unakuwa umekosa Bibi. Tulinyamaza, kama tunavyonyamaza siku zote.

Jioni nikasema nifute, kadi ipate nafasi. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Injinia akasema, "Baba, ngoja." Akachomeka hedifoni, zilizokwisha kupatikana, akainyamazisha njia ya kulia, ya Mjomba. Akasikiliza. Kisha akazivua akamvalisha mama yake bila kusema kitu.

Mke wangu alikaa chini sakafuni.

Mama mkwe hakuvua maiki alipokwenda jikoni. Jikoni ni ukuta mmoja tu, na risiva iliendelea kumpokea. Njia ya kushoto ilikuwa na sauti yake tupu, karibu, kila pumzi inasikika, na chini yake mbuzi ya nazi ikikwaruza. Alikuwa anakuna nazi na jirani yake wa zamani, na alikuwa anamsimulia habari za mama yake mzazi. Jinsi mama huyo alivyokuwa akichoma vitumbua alfajiri kuwauzia wakata mkonge. Jinsi baba yao alivyosema mtoto wa kike hasomi. Jinsi mama alivyoficha senti moja moja ndani ya kibuyu cha chumvi, kwa sababu baba hakuwahi hata siku moja kuingiza mkono kwenye chumvi, mpaka ikatimia nguo ya shule. Bibi Nong'ona alijifunza kusoma kwa pesa ya vitumbua. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuna aliyekuwa amelisikia hilo, hata mke wangu. Kisha akaimba, polepole, kwa mwendo wa mbuzi ile ya nazi, wimbo mmoja kati ya zile tulizokuwa tukizitafuta.

Na kwenye njia ya kulia, muda ule ule, Mjomba alikuwa anataja 62 kwa mara ya tatu. Tungezichanganya zile sauti mbili, kama tulivyofanya na mikisa, kibuyu cha chumvi kingezikwa chini ya mkonge na hakuna ambaye angekifukua.

Lakini hatukuwa na ruhusa. Bibi hakujua kwamba kidude kinasikia hata ng'ambo ya ukuta. Kesho yake mke wangu alikwenda kukaa naye, akamweleza ukweli, akamvalisha hedifoni. Mama mkwe alisikiliza yote, macho chini. Tulingoja. Akasema, "Wimbo nimeusahau ubeti wa kati. Rudieni."

Tukarudia Jumapili hiyo hiyo, jikoni, kwa jinsi ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Maiki moja kwa Bibi, njia ya kushoto. Moja kwa Mama Mdogo, njia ya kulia, naye alimkumbusha dada yake majina mawili ya wazee yaliyokuwa yamempotea, na siku hiyo kusahihisha kwake kulikuwa neema. Mjomba Redio tulimwekea simu mfuko wa shati ikirekodi peke yake, na hata yeye, akiwa karibu na nazi na kumbukumbu za mama yake, aliongea kidogo. Mama Mwanaidi akauliza maswali. Friji likazimwa, na ndani yake nikaweka ufunguo wa pikipiki yangu, ili nisiweze kutoka nyumbani bila kulifungua na kukumbuka kuliwasha. Mwanaidi akavaa hedifoni na hakuzivua mpaka mwisho.

Kifaranga naye nilimpa kazi. Simu ya Mjomba na kamera ni vitu viwili tofauti, na baadaye sauti ya simu lazima ilaliane na picha ya kamera. Kwa hiyo mwanzoni mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo linaonekana kwenye picha na linasikika kwenye vifaa vyote, nawe unalinganisha. Kamera yetu inapiga picha 25 kwa sekunde, kila picha milisekunde 40, na kofi linatosha kukuonyesha picha ile hasa. Simu iwekwe sampuli 48,000 kwa sekunde, kama kamera, na upige kofi jingine mwishoni, maana vifaa viwili vikikaa muda mrefu huachana kidogo kidogo. Kifaranga alipiga kofi la kwanza kwa nguvu zake zote, akapiga la mwisho, na katikati akapiga mengine saba kwa mapenzi yake. Hayo saba yamo. Tumeyaacha.

Leo nakala ziko tatu: moja kwenye diski hapa nyumbani, moja kwa shemeji Dar es Salaam, moja kwa Mwanaidi. Ubeti wa kati umo. Majina ya vizazi saba yamo.

Basi mwenzangu, mzee wako akiwa hai, usingoje kamera nzuri zaidi. Tafuta maiki moja uiweke shubiri moja chini ya kidevu chake, na kila anayeongea awe na njia yake peke yake. Zima friji, weka ufunguo ndani. Mpe mtu mmoja hedifoni, umwambie asizivue. Na mzee akiinuka kwenda jikoni, mfuate.